Upimaji wa makingamaji na uuzaji wa miche, Lushoto: maoni ya mteja

Februari, kabla ya masika kuanza, nilikialika shambani kwangu kikundi cha wakulima kilicho jirani na Soni, ambacho hupima makingamaji, yaani matuta ya kuzuia maji mteremkoni, na kuuza vipando vya majani ya guatemala ya kushika udongo pamoja na miche ya mti wa mgrivea. Shamba langu liko kwenye mteremko mkali, na kila masika udongo mweusi wa juu ulikuwa ukiteremka hadi kijitoni na kuniachia mwekundu usiozaa kitu.

Upimaji wao ndio ulioniridhisha zaidi. Walikuja na fremu A, yaani miti miwili iliyofungwa kileleni, ufito uliokatiza katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia. Waliisimamisha, wakatia alama pale uzi ulipogusa ufito, wakaigeuza ili miguu yake ibadilishane nafasi na kutia alama ya pili, kisha katikati ya hizo mbili wakachonga ya tatu, ambayo ndiyo ya usawa, ya kufuata wanapochora mstari wa tuta kukata mteremko. Kijana mmoja alipotaka kuiruka hatua hiyo, mama aliyewaongoza alimwambia, "Mwanangu, mstari ukiinama mahali, maji yote yatakusanyika hapo na kulipasua tuta." Ni kweli tupu, kwani nimewahi kuona matuta yaliyochimbwa kwa kukisia macho yakipasuka usiku mmoja na kuacha korongo katikati ya mahindi. SECAP, mradi wa kuhifadhi udongo, ulianza wilayani hapa mwaka 1981, na bado tupo tunaodhani kwamba kupanda majani kunatosha bila kupima.

Guatemala imeshika vizuri, na sasa naikatia ng'ombe wangu.

Miche haikunifurahisha. Niliuziwa 40 kwa shilingi 500 kila mmoja, na 11 ikakauka ijapokuwa mvua ilikuwa nzuri. Nilipoing'oa nilikuta mizizi imejiviringisha chini ya kiriba, yaani kile kifuko cha kuoteshea mche, dalili kwamba ilikaa kitaluni kupita muda wake. Walinifidia yote bila ubishi, lakini msimu wa kupanda ulikuwa umeshapita.

Nilitaka pia wanipimie kipande cha kando ya kijito nipande kabichi. Walikataa, wakanikumbusha mita 60 kutoka kijitoni zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na hawakuchukua malipo ya kipande hicho. Nilikasirika siku ile. Vuli hii nawaita tena, na kila kiriba nitakikagua kabla ya kulipa.