Spika kubwa za mtumba kwa chumba kidogo: anza na zipi

Wengi wetu Dar es Salaam tunaishi chumba cha kupanga, mita 3 kwa 3. Humo kuna kitanda, kuna televisheni, na humo humo tunataka kuweka spika kubwa zilizoshuka na kontena kutoka Uingereza, Japani au Dubai. Inawezekana kabisa, na ukichagua vizuri utapata sauti ambayo sabufa mpya ya plastiki ya bei hiyo hiyo haiifikii.

Chaguo langu la kwanza ni jozi ya spika za boksi lililozibwa, lisilo na tundu la hewa, zenye wufa (spika ya besi) ya inchi 8 na omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme, huandikwa nyuma ya boksi), pamoja na ampli ya kawaida ya stereo. Sababu ni besi. Kuta zikiwa zimetazamana kwa mita 3, sauti ya besi ya takriban hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde) hurudi na kujijaza yenyewe, chumba kikavuma. Spika yenye tundu mgongoni, ikisogezwa karibu na ukuta, huuongeza mvumo huo hadi maneno ya filamu yanamezwa. Boksi lililozibwa hupunguza besi taratibu, na chumba kidogo hufidia pengo.

La pili ni spika ndefu nyembamba zenye tundu mbele. Mvumo ukizidi, ziba tundu kwa soksi safi. La tatu ni seti ya spika tano na risiva yake, yaani ampli inayoziendesha zote: nunua kama bei ni nzuri, ila anza kutumia zile mbili za mbele tu, kwa sababu za nyuma zitakuwa zinakupigia sikioni. Zile za disko zenye wufa ya inchi 15 ziachie kumbi. Mashine ya DVD yenye spika zake za plagi za pekee mimi siinunui hata kwa bei ya kutupa, maana ikifa, spika zake hazina pa kuchomekwa.

Sasa ukaguzi, na hapa usikubali kuharakishwa. Toa kitambaa cha mbele, utazame ukingo unaoshika koni, ile sehemu ya wufa inayotetemeka. Niliwahi kununua jozi nzuri ya mbao bila kukitoa. Nilipofika nyumbani nikaugusa ukingo, sponji ikabaki kidoleni, nyeusi na yenye kunata kama lami. Sponji huoza kwa umri, na joto na unyevu wa pwani havisaidii. Ukingo wa raba hudumu zaidi. Fundi anaweza kubadilisha sponji, basi gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji.

Beba betri moja ya voliti 1.5 na vipande viwili vya waya. Gusisha chanya ya betri kwa chanya ya spika, na hasi kwa hasi, mara moja: koni isogee mbele bila kukwaruza. Isukume pia taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, isikilize peke yake, sikio karibu, kwenye wimbo wenye matoazi.

Ampli ya Japani hutumia voliti 100. Ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma ya kushushia umeme, imekwenda. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Nyumbani, zitoe spika kwenye kona. Sentimita 40 kutoka ukutani zinatosha kuleta tofauti kubwa. Twita iwe usawa wa masikio, hata kwa kuinua boksi juu ya tofali, na wewe usikae umeegemea ukuta wa nyuma, kwani besi hurundikana hapo. Godoro na pazia zito viache vilipo, vinanyonya mwangwi. Kisha cheza filamu yenye mazungumzo mengi, usogeze boksi kiganja kimoja kimoja mpaka sauti za watu zitoke katikati ya televisheni. Mimi ilinichukua jioni nzima, na alama za chaki nilizochora sakafuni sijazifuta.