Blogu au hodi: kipi kinafaa siasa za jimbo Marekani?

Ubishi huu hauishi: anayetaka kubadili siasa za jimbo lake aandike blogu, au akapige hodi nyumba kwa nyumba?

Kwa gharama, blogu inashinda bila jasho: kompyuta, intaneti na usiku kadhaa bila usingizi. Hodi hula viatu, mafuta ya gari na watu wa kujitolea, ambao nao, tusidanganyane, huingia mitini mvua ikinyesha.

Kwa uhakika, tazama Connecticut mwaka 2006. Wanablogu walimpigia debe Ned Lamont, naye Agosti akamwangusha seneta Joe Lieberman kwenye kura za mchujo za chama cha Democratic. Novemba Lieberman akarudi kama mgombea huru, akashinda. Kelele za mtandaoni ziliwasha wanachama wenye ari. Wapiga kura wengine walikuwa na lao.

Hodi hung'ara pale ushindani unapobana. Virginia, 2017, jimbo dogo la uchaguzi namba 94: wagombea wa bunge la jimbo, Shelly Simonds na David Yancey, walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Ikapigwa kura ya bahati, na Yancey akapata kiti kwa jina lake kuchomolewa bakulini. Hapo mlango mmoja zaidi ungetosha.

Matunzo? Blogu isiyoandikwa hufa, na orodha ya nyumba huchakaa watu wakihama.

Kama hakuna mwandishi wa habari anayelifuatilia bunge la jimbo lako, andika. Ukiishi New Hampshire, ambako baraza la wawakilishi lina viti 400 na kila kiti kina watu wachache, vaa viatu.