Foundry na fumbo la hitilafu za mikataba erevu

Yeyote anayeandika mikataba erevu ya Ethereum, yaani programu zinazojiendesha kwenye mtandao huo wa sarafu za kidijitali, ameshakutana na hali hii: muamala unakataliwa, pochi inasema tu kwamba utekelezaji umebatilishwa, kisha unatupiwa mlolongo wa herufi na tarakimu unaoanza na 0x, usioeleza ni mkataba gani uliokataa wala kwa sababu gani. Nimeitumia Foundry, seti ya zana za wasanidi wa mikataba hiyo, katika kazi za kila siku kwa muda wa kutosha kuweza kusema kwamba, miongoni mwa zana nilizozijaribu, ndiyo iliyonipunguzia zaidi adha hiyo, ingawa uwezo wake wa kutafsiri msimbo wa hitilafu, ambao ndio unaosifiwa mara nyingi, siyo ninaouthamini kuliko yote.

Fumbo lenyewe lina asili yake. Tangu toleo la 0.8.4 la Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hiyo, lililotoka mwaka 2021, msanidi anaweza kutangaza hitilafu kwa jina alilolichagua mwenyewe badala ya kuandika sentensi nzima ya maelezo. Njia hii huokoa gesi, yaani ada ya utekelezaji, lakini jina halisafiri na jibu: kinachorudi ni baiti 4 za mwanzo za hashi ya Keccak-256 (alama fupi inayokokotolewa kutokana na maandishi) ya jina hilo pamoja na aina za hoja zake, yaani thamani zinazoambatana na hitilafu, zikifuatwa na hoja zenyewe. Jina limebaki kwenye faili la aliyeuandika mkataba.

Foundry ni seti ya zana za chanzo huria zisizolipiwa, zilizoandikwa kwa lugha ya Rust na kuanzishwa na kampuni ya Paradigm. Zipo nne, nami nitazizungumzia mbili tu: cast, ya kuwasiliana na mtandao, na forge, ya kujenga na kujaribu mikataba.

Amri ya cast decode-error hupokea ule mlolongo na kurudisha jina na hoja zinazosomeka. Juzi pochi ilinipa 0xfb8f41b2 ikifuatwa na tarakimu nyingine 192, na kwa amri hiyo moja nikajua kwamba ni ERC20InsufficientAllowance, hitilafu iliyomo katika OpenZeppelin, maktaba ya mikataba iliyo tayari kutumika, kuanzia toleo la 5: anwani fulani imetaka kutoa tokeni za mtu ilhali kibali chake, yaani kiasi alichoruhusiwa na mwenyewe, ni sifuri. Nilishangaa, kwa maana kibali nilikuwa nimekitoa dakika chache kabla, na nilikiona kimeandikwa kwenye mnyororo wa bloku, daftari la pamoja la miamala. Nikakitoa tena, na muamala ukakataliwa tena kwa maneno yale yale.

Hapo ndipo tafsiri ilipofikia kikomo chake. Niliurudia muamala kama jaribio la forge kwenye nakala ya mtandao, nikaongeza -vvv (chaguo la kuomba maelezo zaidi) mwishoni mwa amri, na mfuatano mzima wa miito ukajipanga mbele yangu kama mti, kila mwito ukiwa umesogezwa ndani kidogo ya ule uliouita. Mkataba niliouita mimi haukuwa unazichukua tokeni wenyewe. Ulikuwa unaukabidhi kazi hiyo mkataba mwingine, na huo wa pili ndio uliokuwa hauna kibali. Nikiri kwamba jibu lilikuwemo tangu mwanzo katika hoja ya kwanza ya hitilafu, lakini anwani za Ethereum zinafanana machoni kama punje za mchanga, na mimi nilisoma jina nikaiacha anwani. Ule mti haukuniachia nafasi ya kukosea, kwa kuwa ulionyesha nani alimwita nani, na katika hatua ipi mambo yaliharibika. Hiki ndicho ninachokitaka kwa zana ya aina hii.

Hitilafu za lugha yenyewe ya Solidity hazisumbui sana. Zile zinazoanza na 0x4e487b71 hubeba nambari ya sababu, kama 0x11 kwa hesabu iliyofurika, 0x12 kwa kugawanya kwa sifuri na 0x32 kwa kuomba kipengele kilicho nje ya safu, na forge huzieleza kwa maneno.

Kwa muamala ambao tayari umo kwenye mnyororo ipo cast run, inayourudia upya na kuuchora mti ule ule. Inafaa sana, ila ina masharti: ili hali ya mtandao iwe kama ilivyokuwa, huanza kwa kutekeleza miamala iliyotangulia katika bloku hiyo, hivyo huchukua muda, na kwa muamala wa zamani huhitaji nodi (kompyuta ya mtandao) inayotunza kumbukumbu zote za nyuma. Mkataba ambao msimbo wake haukuchapishwa popote huonekana kwenye mti kama anwani tupu. Vilevile jina linalopatikana kwenye kamusi za mtandaoni, zinazooanisha baiti hizo 4 na majina ya hitilafu, lisiaminiwe kwa upofu, maana baiti 4 zinatoa takribani michanganyiko bilioni 4.3 tu, na majina mawili tofauti yanaweza kabisa kuangukia mchanganyiko mmoja.

Anayeanza namshauri aishie kwenye -vvv, ambayo huonyesha miito ya majaribio yaliyoshindwa peke yake. Akiongeza v ya nne atamwagiwa na miito ya yaliyofaulu, na katika mradi wenye majaribio mengi ataitafuta hitilafu yake kwa kupekua kurasa kwa kurasa.