Tuisheni ya strakcha (hesabu za uimara wa majengo) Sinza, nimesoma Jumamosi nne, maoni yangu haya hapa

Jamani mlioniuliza kuhusu ile tuisheni ya Sinza, ya chumba cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, naandika mara moja nisirudierudie. Mi nilienda kwa sababu ya sapu (mtihani wa kurudia), sifichi, na kilichoniangusha ni zile bimu (boriti) ambazo maegemeo yamezidi, yani unaandika jumla ya nguvu sifuri, jumla ya momenti (nguvu za kuzungusha) sifuri, halafu bado kuna riakisheni moja, yani nguvu ya egemeo kusukuma bimu, inaelea tu haijulikani. Darasani tulipewa fomula tukakariri, siku ya mtihani bimu ikageuzwa upande, nikabaki naikodolea macho.

Kipindi ni masaa mawili, elfu saba, unalipa mlangoni.

Sasa ticha mwenyewe, huyo ndo sababu ya nyota nne. Siku ya kwanza hakugusa ubao. Alichukua rula ya plastiki akaibana ukingoni mwa meza na kitabu kizito, akapanga vifutio juu yake ikainama, kisha akaweka penseli chini ya ncha akainyanyua mpaka ikarudi usawa wake. Akanigeukia, "Dada, hiyo ncha imeshuka kiasi gani?" Nikamwambia haijashuka. "Basi hesabu yote ndo hiyo."

Ndo akaingia kwa Castigliano, yule Mtaliano aliyeitoa hii kitu kwenye tasnifu yake ya chuo pale Turin mwaka 1873 (sisi tasnifu zetu tunakopiana hadi shukrani). Kwamba ukichukua nishati iliyojificha kwenye bimu iliyopinda, ukaidifarenshieti kwa nguvu fulani, unapata pale penye hiyo nguvu pamesogea kiasi gani. Na egemeo halisogei, kwa hiyo jibu ni sifuri, na huo ndo mlinganyo uliokuwa unakosekana. Mi miaka yote nilikuwa naandika ile sifuri sijui imetoka wapi!

Ujanja wake mwingine, anza kupima x, yani umbali kwenye bimu, kutoka kwenye penseli, siyo ukutani. Momenti inakuwa Rx − wx²/2 basi (R ni nguvu ya penseli, w mzigo wa kila mita, L urefu wa bimu), ukutani hupagusi kabisa. Uki-difarenshieti kwa R unabaki na x, unazidisha, unaintegreti mpaka L, unaweka sawa na sifuri, unapata RL³/3 = wL⁴/8, EI (ugumu wa bimu kupinda) zimekatana zenyewe kama bimu ni ileile mwanzo mwisho. R = 3wL/8. Akatuonyesha kwamba ule upande wa kulia ni vile rula ilivyoshuka kwa vifutio na wa kushoto ni vile penseli ilivyoinyanyua, hapo jamaa wa nyuma kasema "aaah" kwa sauti darasa zima likacheka. Tukaweka namba, mita 4, mzigo kN 20 kila mita, jumla kN 80, penseli inabeba 30, ukuta 50, na ukutani momenti kNm 40. Mimi kabla ya hapo ningekugawia nusu kwa nusu bila aibu.

Yasiyopendeza sasa. Kitini wanachouza elfu mbili kina alama iliyokosewa kwenye mfano wa bimu ya spani mbili (nafasi mbili, maegemeo matatu), kajumlisha pa kutoa, na nilihangaika nacho usiku kucha mpaka nilipojua egemeo la kati linapaswa kuwa 5wL/4 na ya pembeni 3wL/8 kila moja, ndo nikaona kosa si langu. Nilimwambia, akasema "asante mdogo wangu tutarekebisha", Jumamosi iliyofuata wakauza kilekile. Halafu egemeo likititia kalipitia dakika tano tu, wakati ndo linalotuua. Pale huandiki sifuri tena, unaandika kiasi lilichotitia na alama hasi maana R inasukuma juu na egemeo limeenda chini, na EI hazikatani, lazima uwe nazo. Hiyo nilimfuata ngazini akanielezea akiwa ameshikilia helmeti ya bodaboda.

Na joto! Feni ni moja, iko upande wa dirisha, wanaandika tunaanza saa tatu asubuhi lakini ticha anafika na robo. Nenda saa tatu kasoro ukakae dirishani, na kalkuleta uje na yako maana hapo hakuna wa kukuazima.