Dodoma hadi Ruaha kwa Noah: kambi nzuri, ila waseme ukweli kuhusu barabara

Likizo ya Juni tulitoka Dodoma alfajiri na gari letu, Toyota Noah, kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha: mimi, baba watoto, watoto wetu watatu na mama mkwe. Hadi Iringa ni lami, huna shida. Mtera tulisimama kula perege wa kukaanga, tukavuka juu ya bwawa.

Shida ilianzia baada ya Iringa. Nilipopiga simu kuweka nafasi niliuliza kama gari dogo linafika. Nikajibiwa, "Mnafika tu dada, wengi wanakuja nayo." Zaidi ya kilomita mia moja, na sehemu kubwa tuliyopita ilikuwa vumbi na mawe. Kwenye korongo moja tukapasua bamba linalokinga injini. Tulifika gizani, mtoto mdogo analia. Kwa familia yenye mtu mzima wa miaka sabini, jibu lile halikuwa sawa kabisa, na kambi nimewaambia hivyo hivyo uso kwa uso.

Kambi yenyewe naisifu kwa moyo wote. Mahema yana vitanda vizuri na neti nzima, maji ya kuoga yanaletwa ya moto kwenye ndoo, na usiku hutoki hemani bila mlinzi mwenye tochi. Chakula cha kawaida tu, ugali na kuku, kinashibisha.

Kuzunguka hifadhini tulikodi gari lao, na hapo ndipo hela yangu ilipata thamani. Mto Mwagusi ulikuwa mchanga mtupu. Tembo jike alikuwa anachimba kwa mguu, anatoa mchanga kwa mkonga, anasubiri maji yajikusanye, anakunywa taratibu huku mwanawe akingoja zamu. Dereva alizima injini, tukakaa karibu saa nzima. Mama, ambaye ni Mgogo wa Mvumi, akawaambia wajukuu: "Sisi nasi tulichota hivi hivi korongoni. Unafukua, unangoja, unateka na kibuyu." Watoto hawakuwahi kumsikia akisimulia hilo. Dereva akaongeza kwamba hata mto Ruaha Mkuu wenyewe, tangu miaka ya 1990, hukatika kiangazi kwa sababu maji mengi hutumika huko juu Usangu. Mwanangu mkubwa akauliza, "Si ndiyo maji ya Mtera haya?" Ndiyo hayo hayo, yanayozungusha mitambo ya megawati 80 pale bwawani.

Kwa anayepanga kwenda: msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata rangi hizo na wanauma kupenya shati. Getini hawapokei fedha taslimu, andaa kadi au simu yenye salio. Mafuta jaza Iringa.

Nawapa nyota nne. Likizo fupi ya Septemba tunarudi na mama, ila Noah tutaiacha Iringa kwa shemeji.