Diski ya nje ya terabaiti 2, baada ya miezi minane ya video za harusi

Napiga na kuhariri video za harusi. Kila kazi narudi nayo na faili za gigabaiti 60 hivi, na kwa miezi minane sasa zote zinaishia kwenye diski hii ya nje, ile aina ya sahani zinazozunguka. Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha dukani. Folda ya harusi moja ilichukua karibu nusu saa kuhama kutoka kwenye laptopu, na bwana harusi alikuwa anapiga simu.

Kosa halikuwa la diski. Waya uliokuja nayo ni mfupi mno, nikatumia waya wa simu ya zamani. Tundu la diski ni pana, lina sehemu mbili zilizoungana. Waya wa simu unaingia barabara kwenye ile sehemu kubwa na taa inawaka kama kawaida, ila mwendo unakuwa wa USB 2.0, kile kiwango cha zamani cha polepole: kwangu megabaiti 35 kwa sekunde, basi. Nilipochomeka waya wake wenyewe kwenye tundu la buluu la laptopu, ikapanda hadi 110. Folda ileile, dakika tisa. Hili lilistahili kuandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Wengine wanaona diski ina kigeugeu, kwa sababu kubadilisha jina la video ya gigabaiti 50 kunaisha kabla hujainua kidole, na kuihamishia folda nyingine humohumo ni vivyo hivyo. Ndani ya diski faili haiendi popote. Kinachobadilika ni maandishi machache kwenye orodha yake: faili inaitwaje, iko folda gani. Ni kama kubadilisha jina kwenye daftari la bohari bila kugusa gunia. Ukivuka kwenda diski nyingine ndipo magunia yanabebwa: kila baiti inasomwa, inaandikwa upya, kisha ile ya awali inafutwa. Hata diski moja ukiigawa vipande viwili, kutoka kipande kimoja kwenda kingine utasubiri vilevile. Na jina likikataa kubadilika, kwangu mara zote ni programu ya kuhariri imeishikilia faili. Naifunga, linakubali.

Lawama yangu kwa diski ni nyingine. Nilipoimwagia gigabaiti 400 kwa mkupuo, ilianza vizuri, halafu ikashuka hadi megabaiti 25 kwa sekunde, ikapanda kidogo, ikashuka tena, usiku kucha. Boksi liko kimya, lakini maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji yanasema ni ya SMR, yaani njia za data zimepandana kama vigae vya paa. Kuandika upya njia moja kunalazimu kuandika na zile zilizoilalia. Mzigo hupokelewa kwanza kwenye eneo la akiba, na eneo hilo likijaa, diski inapanga na kupokea kwa wakati mmoja. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Nyota tatu kati ya tano. Kwa kuhifadhi kazi zilizokwisha, inunue. Kuhariri moja kwa moja humo, sikushauri. Mimi nakopi harusi moja moja, nalinganisha ukubwa wa folda zote mbili, ndipo nafuta ya kwenye laptopu. Waya wake nimeufunga uzi mwekundu, usichanganyike na wa simu.