Bandcamp: Duka la Muziki Linalouza Bila Kufuli

Mtu anayetaka kununua wimbo kihalali siku hizi, akaulipia mara moja na kubaki nao kama mali yake, hana maduka mengi ya kuchagua. Huduma nyingi zinazovuma humkodishia msikilizaji muziki kwa mwezi, na siku anapoacha kulipa hubaki mikono mitupu. Bandcamp, duka la mtandaoni la Marekani lililoanzishwa mwaka 2008, limeshika njia nyingine: linauza faili lenyewe, halilifungi kwa kufuli lolote la kidijitali, yaani mfumo unaozuia faili kunakiliwa au kupigwa kwenye kifaa kingine, na sehemu kubwa ya pesa humfikishia msanii au lebo yake. Nimelitumia kununua singeli, muziki wa dansi wa zamani na muziki wa nchi za mbali, nami naamini kwamba uamuzi wake wa kutofunga mafaili ni sahihi, ingawa unawatia hofu wasanii wengi ninaowaheshimu.

Ununuzi wenyewe hauna ugumu. Kila msanii au lebo ina ukurasa wake, na albamu husikilizwa hapo hapo kabla ya mtu kutoa pesa. Bei hupangwa na mwenye kazi, na mara nyingi bei hiyo ni kima cha chini tu: kwenye kisanduku cha malipo mnunuzi anaruhusiwa kuandika kiasi kikubwa zaidi kama moyo wake unamtuma, na wapo wasanii wanaokubali hata sifuri. Malipo yakishapita, hufunguka ukurasa wa kupakua wenye orodha ya aina za mafaili, kuanzia MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde na AAC hadi FLAC, ALAC, WAV na AIFF. Kwa hesabu ya bando, MP3 ya kiwango hicho hula takriban megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 40 itakula kama megabaiti 96, wakati WAV yenye ubora wa CD hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, na albamu ile ile ikafika 400. FLAC iko katikati ya hizo mbili kwa ukubwa, nayo haipotezi chochote cha sauti ya asili. Anayepakua kwa bando la simu achukue MP3; mwenye Wi-Fi na nafasi ya kutosha kwenye kompyuta achukue FLAC, kwa sababu kutoka FLAC anaweza kutengeneza MP3 wakati wowote, lakini MP3 haiwezi kurudishiwa kile kilichokwisha kupunguzwa.

Albamu hushuka ikiwa faili moja la zip. Ukilifungua unakuta nyimbo zimepangwa kwa namba, kila moja ina jina la msanii na picha ya jalada, na hakuna hata moja inayokuuliza wewe ni nani. Zihamishie kwenye memori kadi, zitapigwa na simu ya shilingi elfu hamsini. Ziweke kwenye flashi, zitapigwa na redio ya gari. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa kijana ambaye hajawahi kununua muziki uliofungwa, lakini kwa miaka kadhaa halikuwezekana katika maduka halali, na ndiyo sababu tathmini ya duka hili haiwezi kukamilika bila kueleza yaliyowapata wanunuzi wa wakati ule.

Napster ilipoanza mwaka 1999 na kuwawezesha mamilioni ya watu kupeana nyimbo bure, makampuni makubwa ya muziki yaliamini kwamba dawa ingepatikana katika ufundi. Mwaka 2000 muungano wa makampuni hayo na watengenezaji wa vifaa, uliojulikana kwa kifupi kama SDMI, ulitangaza hadharani shindano la kujaribu kuvunja alama zake za siri zilizofichwa ndani ya sauti. Timu iliyoongozwa na Profesa Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton ilizishinda, kisha mwaka uliofuata ikatishiwa kushtakiwa ilipotaka kuchapisha matokeo yake. Duka la iTunes la Apple lilifunguliwa Aprili 2003 likiwa na nyimbo zipatazo laki mbili, kila moja kwa senti 99 za dola, zote zikiwa zimefungwa kwa mfumo wa FairPlay uliowekea mipaka idadi ya kompyuta ambazo mnunuzi angeweza kupigia nyimbo hizo. Haukupita muda mrefu kabla ya kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, kuonyesha jinsi ya kuupita mfumo huo.

Udhaifu wa kufuli hizi hautokani na uzembe wa mafundi. Mteja hupewa muziki uliosimbwa, na kifaa chake hupewa ufunguo wa kuufungua, kwa sababu bila ufunguo hakuna kitakachosikika; ni sawa na kumkabidhi mtu sanduku lililofungwa huku ufunguo umeshonewa kwenye pindo la kanzu yake, kisha kutumaini kwamba hatapapasa. Hata asipoupata, mwisho wa yote sauti lazima itoke kwenye spika au kwenye waya wa hedifoni, na ikishatoka yaweza kurekodiwa upya. Anatosha mtu mmoja mwenye ujuzi duniani kote kufanya hivyo mara moja, na baada ya hapo nakala isiyo na kufuli huzunguka kwa watu ambao hawajui hata kwamba kufuli liliwahi kuwepo.

Kwa hiyo anayebaki kufungiwa ni yule aliyelipa. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza CD ambazo, zikiwekwa kwenye kompyuta ya Windows, zilijipachikia programu iliyojificha ndani ya mfumo na kuacha mwanya ambao virusi viliweza kuutumia. Mtaalamu Mark Russinovich aliifichua tarehe 31 Oktoba mwaka huo, na kampuni ikalazimika kuzirudisha CD hizo kutoka madukani. Aliyepakua nyimbo zile zile kwa wizi hakupata madhara hayo. Mwaka 2008 Microsoft iliwaarifu wateja wa MSN Music kwamba baada ya tarehe 31 Agosti seva zake hazingetoa tena funguo kwa kompyuta mpya, na ikaahirisha hatua hiyo baada ya malalamiko. Yahoo nayo ikatangaza kuzima seva za duka lake la muziki mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo, na kuahidi kuwafidia wanunuzi. Hawa walikuwa watu walionunua kwa pesa zao, wenye risiti mkononi, wakaambiwa kwamba mali yao haitapigwa tena siku watakapobadilisha kompyuta.

Februari 2007 Steve Jobs wa Apple alichapisha barua ya wazi iliyotaja hesabu moja nzito: mwaka 2006 maduka ya mtandaoni yaliuza nyimbo zilizofungwa zisizofika bilioni 2, ilhali makampuni yale yale yaliyodai kufuli yaliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli lolote. EMI ilikuwa kampuni kubwa ya kwanza kukubali kuuza bila kufuli kupitia Apple mwaka huo huo, na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba duka zima litafuata. Bandcamp, iliyozaliwa katikati ya mabadiliko hayo, haikuwahi kuwa na cha kufungua, na mafaili yaliyonunuliwa kwake mwaka ilipoanza bado yanapigwa leo.

Najua msanii wa Dar es Salaam au Mombasa anayesoma haya atauliza nani atamzuia mnunuzi mmoja kununua albamu yake asubuhi na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp jioni. Jibu la kweli ni kwamba hakuna. Hata kabla ya kununuliwa, wimbo unaosikilizwa bure kwenye ukurasa wa Bandcamp hutiririka kwa MP3 ya kilobiti 128, na mwenye nia ya kuudaka anaweza kuudaka. Sioni haja ya kulificha jambo hili, kwa maana hasara ni ya kweli na jasho ni la msanii. Hata hivyo tuangalie ulinzi tulionao kwetu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tangu mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato imekuwa na utaratibu wa kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD. Stempu hiyo ilikuwa na maana pale muziki ulipouzwa kwenye kasha ambalo mkaguzi angeweza kuligeuza mkononi sokoni Kariakoo. Faili linaloruka kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth halina pa kubandikwa kitu. Kinachobaki ni kumrahisishia mwenye nia njema, yaani awe na mahali pa kulipa panapojulikana, bei anayoimudu, faili zuri kuliko lile la kurushiwa, na uhakika kwamba pesa yake inamfikia aliyeimba.

Hapo ndipo Bandcamp inapostahili sifa kubwa. Duka huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na kiwango hushuka hadi 10 kwa msanii ambaye mauzo yake yamefika dola 5,000; kwa bidhaa kama santuri, kanda na fulana huchukua asilimia 10, mbali na ada za malipo. Tangu Machi 2020, wakati UVIKO ulipofunga majukwaa, imekuwa ikitenga baadhi ya Ijumaa ambazo huacha kuchukua fungu lake lote. Mkataba huu unaeleweka na mtu yeyote anayejua kugawanya, na kwa mauzo machache tu msanii asiye na jina kubwa hupata kiasi ambacho katika huduma za kutiririsha kingehitaji maelfu ya wasikilizaji.

Ukanda wetu nao una njia zake, na kila moja imelijibu swali la kufuli kivyake. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, humpa msikilizaji faili la MP3 bure likiwa na tangazo lililounganishwa na wimbo, na mapato ya matangazo ndiyo chanzo cha malipo ya msanii. Faili likirushwa kwa rafiki, tangazo huenda nalo, na huo ni ufumbuzi wa busara kwa watu wasio na kadi za benki. Boomplay na Spotify hutumia neno kupakua kwa maana tofauti kabisa: wimbo hukaa ndani ya programu yao ukiwa umesimbwa, na Spotify, iliyoingia Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2021, humtaka mtumiaji awe mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili vilivyopakuliwa viendelee kupigwa. Hizo ni huduma halali na zina faida zake, lakini anayezitumia ajue kwamba hajanunua wimbo.

Kasoro kubwa ya Bandcamp kwa mnunuzi wa huku ni malipo. Duka linataka kadi au PayPal, na halina M-Pesa wala Airtel Money kwenye ukurasa wake. Mkenya anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa iliyoletwa na Safaricom pamoja na Visa mwaka 2022, na kadi za aina hiyo zipo Tanzania pia, ila gharama ya kubadilisha shilingi kuwa dola huumiza pale ambapo wimbo wenyewe ni dola moja. Kwa muuzaji hali ni ngumu zaidi, kwani malipo ya wasanii hupitia PayPal, nayo kwa muda mrefu imewaruhusu Watanzania kutuma pesa bila kuwaruhusu kupokea. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya muziki wetu imefika pale kupitia mikono ya wengine. Singeli niliyoinunua nimeipata kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ambayo mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na nyimbo za Nairobi za miaka ya 1970 nimezipata kwa lebo ndogo za Ulaya zinazozitoa upya. Ninawashukuru kwa kazi hiyo, lakini prodyuza wa Tandale angepaswa kuweza kufungua ukurasa wake leo na kulipwa kwenye simu yake kesho. Duka linalojivunia kuwa karibu na wasanii lina wajibu wa kulitatua hili, na mitandao yetu ya simu ina biashara ya wazi hapo.

Jambo lingine la kuangaliwa ni umiliki. Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023, na katika mauzo hayo ya pili takriban nusu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Huduma kwa mnunuzi haijabadilika kwa kiasi cha kuonekana, lakini duka lililobadilisha wenyewe mara mbili katika miaka miwili si la kuachiwa jukumu la kukutunzia maktaba yako. Kila unachonunua kipakue siku hiyo hiyo, nakala moja uiweke kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje, na barua pepe ya risiti usiifute. Kwa mwenye kadi inayofanya kazi na hamu ya kumlipa msanii moja kwa moja, napendekeza duka hili kuliko jingine lolote ninalolijua. Asiye na kadi aanzie Mdundo, ambako atapata faili halali bila kudaiwa chochote.